Wasomaji Wanauliza: "By Friday" na "until Friday" zinatofautiana wapi, na maswali mengine ya Kiingereza

Mwezi huu meseji karibu zote zinauliza kitu kilekile, maneno mawili ya Kiingereza yanayokaa kama mapacha na mtu hajui lipi ni lipi. Nimeanza na yale ambayo ukiyachanganya unaweza kupoteza hela, nyumba au viza, ya mtihani wa darasani tutayafikia matoleo yajayo. Kama lako halimo vumilia kidogo, tunayasoma yote.

Mi nimepanga Nyegezi. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, kila kitu anaandika Kiingereza, sasa kanitumia imeili "you must vacate the house by 31st March". Mi nimeelewa nakaa mpaka tarehe 31, rafiki yangu anasema nimeelewa vibaya. Nani yuko sahihi? – Mpangaji, Mwanza

Rafiki yako, na kama ningekuwa wewe ningeanza kuongea na madalali wiki hii hii. Shida inatokana na "mpaka" yetu, maana sisi tunasema fanya kazi mpaka Ijumaa, na tunasema tena nipe mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza, neno lile lile mambo mawili tofauti. Mwingereza hapo anagawa. "Until" ni kitu kinachoendelea halafu siku hiyo kinakoma. "By" ni kitu kinachotakiwa kiwe kimeshafanyika, iwe kabla au siku yenyewe, ila siku ikishapita hujafanya basi umechelewa. Sasa kuhama ni tendo la kukamilisha. Kwenye imeili yako ina maana ikifika usiku wa tarehe 31 Machi nyumba iwe tupu, vitu viko nje, funguo zimerudi, siyo asubuhi ya tarehe 1 Aprili ndo unaita kirikuu kuja kupakia. Tena mjibu kwa maandishi umuulize funguo anazitaka saa ngapi na akabidhiwe nani, maana barua haisemi na hapo ndo ugomvi wa dipoziti unapoanzia.

Njia ya kujipima ni rahisi, chukua sentensi uiseme Kiswahili, ikikubali "iwe imeshafanyika" hiyo ni by, ikikubali "endelea" hiyo ni until. Ndo maana tangazo la chuo utalikuta kwa sura mbili na zote ziko sawa, "submit your application by 30 June" na "applications will be accepted until 30 June", kwa sababu wewe unapeleka mara moja na umemaliza, wao wanaendelea kupokea kila siku mpaka dirisha lifungwe. Tarehe ile ile, ila mmesimama pande mbili za kaunta.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango, angalia sana "in" na "within" kwenye siku. "Pay within 14 days" ni lipa wakati wowote siku 14 hazijaisha. Ila daktari akikuandikia "come back in 14 days" anataka zipite siku 14 ndo urudi, yaani dozi iwe imeisha na vipimo vionyeshe kitu. Watu wanarudi siku ya tano wanarudishwa nyumbani wanakasirika, na nesi hana kosa.

Jamani benki wamenitumia meseji "your account has been credited with TZS 450,000". Mi sijaomba mkopo popote, naogopa hata kuigusa hiyo hela. – Mama lishe, Mbagala

Tulia mama, "credited" hapo ni hela imeingia, hamna mkopo. "Debited" ni hela imetoka. Watu wengi wanaogopa kwa sababu tumezoea credit ni mkopo, na kweli ni mkopo ukisikia "credit card", ile kadi unatumia hela za benki halafu unarudisha baadaye na riba ukichelewa, wakati "debit card" unatumia hela yako mwenyewe iliyomo. Kwenye meseji za akaunti ndo inaonekana kama imegeuka, lakini fikiria upande wa benki: ukiweka hela kwao, wao ndo wanadaiwa na wewe, kwa hiyo kwenye vitabu vyao hela yako inakaa upande wa credit. Wenzetu Wakenya wanaosema "sina credo" wanamaanisha salio la simu, hiyo nayo ni ile ile, hela yako imekaa kwa kampuni inakusubiri.

Ila usiitumie kabla hujajua imetoka kwa nani. Angalia salio kwanza, usiamini meseji peke yake, maana matapeli wanalipenda sana hili neno, wanakutumia meseji ya "credited" ya kutengeneza, dakika mbili wanapiga simu wanalia wamekosea namba uwarudishie, unarudisha hela yako halisi kwa hela ambayo haijawahi kuingia. Kama salio kweli limeongezeka na mtumaji humjui, piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, siyo ile iliyoandikwa kwenye meseji.

Kijana wangu wa darasa la sita ameandikwa makosa kwa "borrow me your ruler". Nimejaribu kumweleza nikajikuta hata mimi sielewi vizuri. – Mzazi, Nakuru

Mzazi usiumie, kijana anafikiri kwa Kiswahili safi kabisa. Kuazima kwetu kunaenda pande zote mbili, unasema "nimeazima rula kwa Otieno" na unasema "Otieno niazime rula", mtoaji na mpokeaji wote wanaazima. Kiingereza hakikubali. Anayepokea ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". Kwa hiyo ni "lend me your ruler" ama "can I borrow your ruler".

Sasa mfundishe kwa kukopa badala ya kuazima, hapo ataelewa dakika moja. Kukopa ni borrow, kukopesha ni lend. Hako ka-sha mwishoni kanabadilisha mwelekeo wa kitu, na ukishakaona utagundua kanatatua mapacha mengine kibao yanayosumbua watoto, kumbuka ni "remember" na kumbusha ni "remind", ndo maana "remember me to buy milk" si sahihi. Bei imepanda, "prices rise", serikali imepandisha, "the government raised". Hata lala na laza ni "lie" na "lay", ingawa hiyo ina mtego wake kwa sababu jana yake lie inageuka lay, hata Waingereza wenyewe wanajikwaa, usimbane nayo sana sasa hivi. Ninachotaka uone ni kwamba mtoto anaingia na Kiswahili chake kikiwa faida. Sisi tunatumia mzizi mmoja tunaongeza kipande, Mwingereza anambebesha mtu maneno mawili yasiyofanana, kwa hiyo akikwama mwambie aseme Kiswahili kwanza asikilize mwisho wa kitenzi. Watoto wanaambiwa waache Kiswahili mlangoni wakiingia kipindi cha Kiingereza na mimi naona hapo ndo tunawanyima ngazi ya kupandia.

Habari, niko Leeds nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Mwenzangu aliteleza akamwaga chai, nikamwambia "sorry", akanijibu "why, it wasn't your fault". Imenitokea mara nyingi. Nikisema sorry nakosea wapi? – Msomaji, Uingereza

Hukukosea adabu, umemwambia pole kwa Kiingereza na yeye akasikia samahani. Sisi tuna maneno mawili, pole kwa aliyepatwa na jambo, samahani kwa uliyemkosea, na huwa hatuyachanganyi hata kwa bahati mbaya. Sorry inabeba yote mawili, lakini ikisimama peke yake masikio ya Mwingereza mengi yanaipeleka moja kwa moja kwenye samahani, anajiuliza huyu kafanya nini tena.

Kuifanya iwe pole inabidi uimalizie. "I'm sorry to hear that" akikwambia mama yake anaumwa. "I'm sorry for your loss" kwenye msiba. Kwa mgonjwa anayeugulia, "I'm so sorry you're in pain", hiyo ni pole nzuri kabisa na wagonjwa wazee wanaipenda. Kwa mtu aliyeteleza mbele yako usianze na sorry, anza na "oh, are you all right?" halafu shika kitambaa umsaidie kufuta, hiyo ndo pole yao, wanaionyesha kwa kuuliza. Na "pole na kazi" usiitafutie tafsiri, haipo, ukimkuta mwenzako kaelemewa mwambie "busy shift? can I give you a hand?" atajisikia vile vile ambavyo ungejisikia wewe umepewa pole na mtu anayepita.

"Excuse me" nayo watu wanaiweka kapu moja na sorry. Excuse me ni kabla hujamsumbua, unaomba njia kwenye basi au unataka kumuuliza kitu. Sorry ni ukishamkanyaga. Na "sorry?" yenye sauti ya kupanda mwishoni ni "unasemaje, sijasikia", hiyo ya tatu.

Kitu kimoja zaidi kwa sababu ya kazi yako. Kuna wenzetu wanaogopa kabisa kumwomba radhi mgonjwa kosa likitokea kazini, wanadhani ukisema sorry umeshajifunga mahakamani. Sheria ya fidia ya mwaka 2006 kwa England na Wales inasema wazi kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kama kukubali uzembe. Na England tangu 2014 hospitali zina wajibu wa kisheria wa kumweleza mgonjwa ukweli na kumwomba radhi akipata madhara. Kwa hiyo ukikosea mwambie msimamizi wako, na sorry ya samahani iseme kikamilifu, "I'm sorry, I gave you the wrong meal", usiikate.

Mi utingo wa lori. Tenki letu limeandikwa HIGHLY INFLAMMABLE, lingine nimeliona limeandikwa FLAMMABLE. Si "in" ni kukanusha? Kwa hiyo letu haliwaki? Na kuna maneno mengine ya hivyo? – Utingo, Tunduma

Linawaka ndugu yangu, linawaka vibaya sana. Flammable na inflammable ni kitu kimoja, hakuna tofauti hata ya punje, zote ni "linashika moto kirahisi". Umesoma kama mtu mwenye akili anavyosoma, umeona "incorrect" ni siyo sahihi, "invisible" haionekani, basi inflammable iwe haiwaki. Ila "in" hii imetoka Kilatini kwenye kitenzi chenye maana ya kuwasha, haikanushi kitu, ni kama ile ya "inflame". Kuanzia miaka ya 1920 watu wa kinga ya moto Marekani walishaona hatari hiyo wakaanza kuhimiza "flammable" iandikwe kwenye mizigo badala yake. Huku kwetu tulirithi maandishi ya Mwingereza kwa hiyo matenki mengi barabarani bado yana ile ndefu. Kinachokanusha ni "non-flammable", ukiona hiyo ndo haishiki moto.

Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka watu wakakimbilia na madumu, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Miaka kumi nyuma yake, Januari 2009, Sachangwan kule Kenya ilikuwa hivyo hivyo na waliokufa walipita 100. Sisemi walishindwa kusoma neno, wengi walijua petroli ni petroli. Lakini wewe unakaa na hilo tenki usiku na mchana, mkisimama kwenye foleni ya mpaka watu wanawasha moto wa chai pembeni, wewe ndo wa kuwaambia. Na kama tajiri yako anapaka rangi upya mwambieni aandike kwa Kiswahili chini yake, HATARI, INAWAKA, herufi kubwa zile zile, rangi haitaisha.

Umeuliza pia kama kuna mengine ya hivyo. "Invaluable" ni ya thamani sana hadi hailipiki, siyo isiyo na thamani, hiyo isiyo na thamani ni "worthless". Na "priceless" ni ndugu yake invaluable.

Duka langu la vipodozi limevunjwa usiku. Fomu ya bima nikaandika "I was robbed, they stole me goods of 6 million". Bima wanasema maelezo hayaeleweki, wanataka niandike upya. – Mfanyabiashara, Arusha

Pole sana kwa hasara. Andika upya hivi: "my shop was broken into during the night and goods worth TZS 6 million were stolen". Nakueleza kwa nini ili usikubali tu kwa kuambiwa.

"Rob" ni kupora, kuna mtu amekabwa, ametishiwa au amepigwa. Kwenye sheria za Tanzania na Kenya robbery ni wizi wenye nguvu au vitisho, na ukiongezewa silaha Tanzania adhabu yake haipungui miaka 30 jela, kwa hiyo ukiandika nimeporwa wakati ulikuwa umelala nyumbani kwako Sakina umetaja kosa lingine kabisa, na ofisa wa bima akilinganisha na ripoti ya polisi anaona hadithi mbili. "Steal" ni kuiba tu, kitu kimechukuliwa. Ya tatu ni kuvunja: kuvunja nyumba ya kuishi watu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa ni "housebreaking", ikifanyika usiku Penal Code zetu zote mbili, yaani sheria za makosa ya jinai, zinaiita "burglary", duka lina kifungu chake cha kuvunja jengo, ila bima nyingi za duka ziko kwa jina hilo hilo la burglary na zinadai alama za kuvunja. Kwa hiyo usitengeneze kufuli wala mlango kabla hujapiga picha, piga karibu, kufuli lililokatwa lionekane meno ya msumeno, bawaba iliyong'olewa, kila kitu.

Hiyo "stole me" nayo iangalie. Sisi tuna kuiba na kuibia, mali inaibwa, mtu anaibiwa. Steal inafuata mali. "They stole me" maana yake wamekuiba wewe mwenyewe wakakubeba. Rob ndo inafuata mtu au mahali, "they robbed me", "they robbed the bank".

Nina dada yangu Houston ana uraia wa Marekani, anataka kuniombea nihamie. Ni mtoto wa mama mkubwa. Kwenye fomu naandika "sister"? – Msomaji, Tanga

Hapana, na hili naomba ulisome taratibu kabla hamjalipa ada yoyote maana hairudi. Kwetu mtoto wa mama mkubwa, wa mama mdogo, wa baba mkubwa, wa baba mdogo, wote ni kaka na dada, binamu ni wa mjomba na wa shangazi. Kiingereza hakina huo mgawanyo, wote hao ni "cousin" sawasawa. Raia wa Marekani aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea ndugu yake lakini lazima muwe mnachangia angalau mzazi mmoja na vyeti vya kuzaliwa vionyeshe. Cousin hana fomu yake kabisa. Ukiandika sister halafu vyeti vikaonyesha mama wawili tofauti, wewe unajua hujadanganya, ofisa anaona udanganyifu, na doa hilo linakufuata hata ukija kuomba viza ya kutembea tu.

Mkiwa baba mmoja mama tofauti hiyo ni "half-sister" na inakubalika, mzazi mmoja yupo. "Step-sister" ni mtoto aliyekuja na mama wa kambo, damu hamchangii, na huyo masharti yake yanategemea wazazi walioana lini, hapo muone mwanasheria wa uhamiaji, siyo wakala wa stendi. Mama mkubwa wako kwenye fomu ni "aunt", wakitaka zaidi andika "maternal aunt", usiandike "big mother". Baba mdogo na mjomba wote "uncle", wa kwanza paternal wa pili maternal.

Najua inauma kumwita cousin mtu mliolala kitanda kimoja utoto mzima. Mwite dada kila siku ya maisha yako, fomu ndo iite cousin.

Nimepewa kazi Nairobi, ofa imeandikwa "gross salary KES 60,000". Hiyo ndio naiona kwa akaunti? – Msomaji, Thika

Hiyo ni kabla ya makato. Ya kuingia kwa akaunti inaitwa "net". Kwa 60,000 toa SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ambayo ni 1,650, housing levy, tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ambayo ni 900, NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ambayo ni 3,600, hapo 6,150 imeshaenda na PAYE, kodi ya mshahara, bado haijaguswa. Uliza pia kama hiyo gross imejumlisha house allowance, posho ya nyumba, na "basic", mshahara wenyewe bila posho, ni ngapi, kwa sababu waajiri wengine wanahesabu ovataimu na malipo ya kuacha kazi kwa basic. Uliza kabla hujasaini, kwa imeili, wakujibu kwa imeili.